Damu ni nyingi, pedi za nyumbani zimekwisha, na kwa daktari naona haya

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni binti wa miaka 26, mzaliwa wa Tanga, na tangu Septemba niko Glasgow, Uskoti, nikisomea shahada ya uzamili. Nakuandikia jambo ambalo hapa nimeshindwa kumweleza mtu yeyote, na nyumbani kila nikilitaja kwenye simu mama hulifunga kwa maneno yaleyale: "Hiyo ni ya ukoo, mwanangu. Hata bibi yako alikuwa hivyo."

Nikiwa mwezini, Shangazi, damu hutoka nyingi mno. Siku mbili za mwanzo hubadilisha taulo kila baada ya saa moja au moja na nusu, usiku huamka mara tatu, hutoka mabonge, na hali hiyo huchukua siku tisa au kumi ndipo nikauke. Nyumbani sikuona kuwa ni tatizo kubwa kwa sababu nilikuwa na dada yangu chumbani, na shuka ikichafuka tuliiloweka alfajiri kabla baba hajaamka. Hapa ninaishi na wanafunzi wanne, watatu kati yao wanaume, na bafu tunalotumia sote ni moja, halina hata pipa la taka.

Nilikuja na pakiti 20 za pedi begini, kwa kuwa niliambiwa za huku ni ghali, pamoja na taulo sita za kitambaa za kufua. Pakiti zilikwisha Desemba. Taulo za kitambaa mama alinisisitizia nizianike juani, lakini Glasgow mwezi wa Desemba jua huzama kabla ya saa kumi jioni, na hiyo ni siku ambayo limeonekana. Nilizianika ndani ya kabati ili wenzangu wasizione, zikashika harufu ya ukungu, na sasa ninawashwa. Nilikwenda dukani nikakuta rafu imejaa tamponi, zile pamba za kuingiza ndani, nikachukua pakiti kubwa iliyokuwa nafuu, na nilipofika nyumbani nikasoma vizuri nikagundua kuwa ni pedi za watu wazima wasioweza kuzuia mkojo. Nilicheka, kisha nikalia.

Nilijaribu pia kwenda kujiandikisha katika kituo cha daktari kilicho karibu. Mhudumu wa mapokezi aliniuliza kwa sauti, watu wakiwa wamejipanga nyuma yangu, nina shida gani, nami nikasema tumbo. Akataka bili ya umeme yenye jina langu, ambayo sina kwa sababu kodi ninayolipa inajumlisha kila kitu, akaniambia nirudi nitakapoipata. Sijarudi. Rafiki mmoja ameniambia kwamba mgeni hutibiwa kwanza, deni likaja baadaye na kuharibu viza yake.

Na kuna hofu nyingine mbili. Mimi sijaolewa na sijawahi kukutana na mwanamume, na nimesikia kuwa jambo la kwanza watakalofanya ni kuingiza kifaa. Pili, mama mkubwa alitolewa kizazi akiwa na miaka 38 kwa sababu ya uvimbe. Siku hizi nikipanda ngazi za ghorofa ya tatu moyo hunidunda hadi nisimame, na nina hamu ya udongo kana kwamba ni mjamzito. Mama amenitumia mfuko mzima kwa mtu aliyekuwa anasafiri.

Masomo yanaisha Septemba. Je, nivumilie hadi nirudi nyumbani?

Binti wa Tanga, Glasgow

*

Marahaba, mwanangu.

Usivumilie hadi Septemba. Usivumilie hata hadi mwezi ujao. Nimeisoma barua yako mara mbili, na kilichonishtua zaidi ya pedi na bafu ni zile sentensi za mwishoni ulizoziweka kama nyongeza, za ngazi na za udongo. Hamu ya kula udongo, kama ilivyo hamu ya kutafuna barafu, ni dalili inayojulikana ya upungufu wa madini ya chuma mwilini, na moyo unaokwenda mbio kwenye ngazi za kila siku hueleza habari hiyohiyo. Mwili wako unapoteza damu kila mwezi kwa kasi ambayo hauwezi kuirudisha.

Sisi tuliofundwa na masomo zetu, yaani makungwi, tulifundishwa kukunja kitambaa, kuhesabu siku na kufunga mdomo. Hakuna aliyetufundisha kipimo cha "nyingi", na ndiyo maana mama yako, ambaye nina hakika anakupenda, anakujibu vile. Kipimo kipo. Madaktari huita hedhi kuwa nzito inapozidi mililita 80 kwa mzunguko mmoja, yaani kama vijiko vya chai 16, lakini kwa kuwa hakuna mwanamke anayekinga damu kwenye kikombe apime, huangalia mambo ambayo wewe mwenyewe umeyaeleza: kubadilisha taulo kila saa moja au mbili, kuamka usiku kubadilisha, damu kuendelea zaidi ya siku saba, na mabonge yanayozidi upana wa sentimita 2.5, ambao ni karibu sawa na sarafu ya peni kumi iliyomo kwenye pochi yako. Anza leo kuandika kwenye simu tarehe, idadi ya taulo na ukubwa wa mabonge. Karatasi yenye hesabu humsaidia daktari kuliko maneno "inatoka sana", nawe itakupunguzia kujieleza.

Kuhusu ukoo, mama yako amesema kweli, ila hitimisho lake ndilo nisilokubaliana nalo. Uvimbe wa kwenye mfuko wa uzazi, ambao wengi huuita fibroidi, kweli hutembea katika familia, na huwapata wanawake weusi mapema na kwa wingi zaidi. Utafiti uliofanyika Marekani na kuchapishwa mwaka 2003 ulionyesha kuwa zaidi ya asilimia 80 ya wanawake weusi huwa nao wanapofika umri wa miaka 50, wengi wao bila hata kujua. Kwa hiyo bibi aliyetokwa na damu nyingi na mama mkubwa aliyetolewa kizazi ni sababu ya kwenda kupimwa sasa, na habari zao uzitaje kwa daktari mapema kabisa katika mazungumzo. Sisemi kwamba unao. Tezi ya shingo isiyofanya kazi sawasawa au damu isiyoganda vizuri huweza kuleta hali hiyohiyo, na ndiyo maana kinahitajika kipimo. Wala usifikirie kuwa mwisho wake lazima uwe kisu. Uvimbe mwingi hutulizwa kwa dawa, na unaohitaji upasuaji mara nyingi huweza kuondolewa kizazi kikabaki mahali pake.

Sasa tuje kwenye fedha, kwa sababu rafiki yako amekutisha bure. Ulipoomba viza ya mwanafunzi ulilipa ada ya afya ya wahamiaji, ambayo tangu Februari 2024 ni paundi 776 kwa mwaka mmoja wa mwanafunzi. Angalia risiti zako za maombi utaiona, na pengine ilikuuma kuilipa. Fedha hiyo ndiyo inayokupa haki ya kutibiwa na NHS, yaani mfumo wa afya wa taifa, kama mkazi mwingine yeyote: kumwona daktari wa familia, kupimwa damu, kupigwa picha ya mawimbi sauti (ultrasaundi) na kupelekwa kwa bingwa wa magonjwa ya wanawake, bila bili kukufuata. Kumwona daktari hakuathiri viza yako. Aidha, uko Uskoti, ambako dawa zinazoandikwa na daktari zimekuwa bure tangu Aprili 2011.

Yule mhudumu wa mapokezi alikosea. Vituo huweza kuomba uthibitisho wa anwani, lakini havipaswi kukataa kukuandikisha kwa sababu tu huna bili au kitambulisho. Sababu wanazoweza kuzitoa ni kwamba unaishi nje ya eneo lao au kwamba wamejaa, na hapo hueleza hivyo waziwazi. Rudi, ujaze fomu, na wakiomba bili waambie kwa utulivu kuwa unaelewa uthibitisho wa anwani si sharti la kuandikishwa. Barua ya chuo inayoonyesha unapoishi, ukiwa nayo, itafupisha mjadala. Vinginevyo nenda kituo kingine kinachohudumia mtaa wako. Ofisi ya wanafunzi wa kigeni chuoni kwako bila shaka imeshakutana na jambo hili mara nyingi, na huko huhitaji kueleza unaumwa nini.

Ukishaandikishwa utapiga simu kuomba miadi, kwa kawaida asubuhi mara tu simu zinapofunguliwa, na mhudumu atakuuliza tena una tatizo gani. Hakuulizi kwa umbea. Anapanga nani aonwe lini, na aonwe na nani. Lakini huna wajibu wa kumpa undani. Mwambie ni tatizo la hedhi, kwamba unapoteza damu nyingi na unaishiwa pumzi kwenye ngazi, na kwamba unaomba daktari mwanamke. Sentensi hiyo fupi ndiyo itakayokupatia nafasi ya karibu. Ukisema "tumbo" utawekwa nyuma ya wenye tumbo. Ninajua kwamba mtu anayeandika tasnifu kwa Kiingereza huweza kukwama kabisa kutaja sehemu zake kwa lugha hiyo mbele ya mgeni, kwa hiyo yaandike kwenye karatasi na umkabidhi daktari asome. Hakuna atakayekushangaa. Na ukitaka mkalimani wa Kiswahili ni haki yako bila malipo, ila uombe wakati wa kuweka miadi ili wapate muda wa kumtafuta, na usikubali kutafsiriwa na mtu wa jumuiya yenu atakayekutana nawe kwenye harusi wiki ijayo.

Hofu ya kifaa ninaielewa vizuri. Ukifika, jambo la kwanza litakuwa maswali na damu ya mkononi. Daktari atakuuliza kama unaweza kuwa na mimba. Anamuuliza kila mwanamke, usichukulie kuwa ni tusi. Mwambie wazi kwamba hujawahi kukutana na mwanamume na hutaki kupimwa kwa ndani. Picha ya mawimbi sauti huweza kupigwa juu ya tumbo, ukiwa umekunywa maji kibofu kikajaa, na ingawa picha ya ndani huonyesha mambo kwa uwazi zaidi, haifanywi bila ridhaa yako. Kwa uchunguzi wowote wa sehemu za siri unaweza kuomba awepo mhudumu wa kike kama shahidi, na unaweza kusema "basi" hata katikati. Nikutahadharishe pia kwamba ukishaandikishwa, kwa kuwa umevuka miaka 25, huenda ukapokea barua ya kukuita kwenye uchunguzi wa shingo ya kizazi. Barua hiyo hutumwa kwa wanawake wote wa umri huo, kwa hiyo ikija usidhani wameona kitu. Hulazimishwi, na kwa asiyewahi kujamiiana hatari ya saratani hiyo ni ndogo sana. Zungumza nao kabla ya kuamua.

Kuhusu dawa, ziko zisizo na homoni kabisa. Asidi ya traneksamiki humezwa siku za damu nyingi tu, kwa siku zisizozidi nne, na hupunguza damu bila kugusa uwezo wa kuzaa. Dawa za jamii ya ibuprofeni, kwa asiye na vidonda vya tumbo au pumu inayochokozwa nazo, hupunguza maumivu na damu pia kwa kiasi fulani, ilhali parasetamoli hutuliza maumivu peke yake. Aspirini iache, maana huweza kuongeza damu. Huenda ukapewa pia vidonge vilevile vinavyotumika kwa uzazi wa mpango. Najua kitakachosemwa nyumbani mama akiviona, lakini vidonge hivyo haviharibu kizazi. Ukiviacha mzunguko hurudi. Kitanzi chenye homoni nacho hutajwa sana kwa sababu hufanya kazi vizuri, na wewe unaweza kujibu kwamba kwa sasa hukitaki na ukaendelea na njia nyingine.

Hayo yote ni ya miadi. Lakini damu ikilowesha taulo kila saa kwa saa kadhaa mfululizo huku unaona kizunguzungu, piga 111, namba ya ushauri ya NHS, hata kama ni usiku wa manane, ueleze hivyohivyo. Ukizimia, au ukishindwa kupata pumzi hata umekaa, ni 999, namba ya dharura.

Nimebakiza pedi, na hapa nina habari ambayo natamani ungeipata ulipotua uwanja wa ndege. Uskoti ndiyo nchi ya kwanza duniani kuweka katika sheria kwamba bidhaa za hedhi zitolewe bure kwa yeyote anayezihitaji. Bunge lao liliipitisha Novemba 2020 bila kura hata moja ya kupinga, kutokana na muswada wa mbunge Monica Lennon, na ilianza kutumika tarehe 15 Agosti 2022. Halmashauri na vyuo vinawajibika kuziweka. Maana yake ni kwamba chuoni kwako zipo, mara nyingi kwenye vyoo vyenyewe, ndani ya kikapu au sanduku la ukutani, na maktaba za umma na vituo vya jamii huzitoa pia. Programu ya simu iitwayo PickupMyPeriod huonyesha mahali pa karibu. Huulizwi uraia wala kipato, na huhitaji kujieleza. (Kenya iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo hizi mwaka 2004. Sisi Tanzania tuliiondoa mwaka 2018, tukairudisha mwaka uliofuata, na mpaka leo bado inanikera.) Msomaji aliyeko Uingereza yenyewe, London au Leicester, asidhani kwamba sheria hii inamfikia: huko kodi ya pedi ilifutwa Januari 2021, lakini sheria ya kugawa bure kwa kila mtu haipo, na dawa nyingi huchangiwa.

Ukichukua, chagua pakiti zilizochorwa matone mengi, kwani matone hayo ndiyo yanayoonyesha uwezo wa kunyonya, na uchukue ndefu za usiku hata kwa matumizi ya mchana. Tamponi huhitaji kuzigusa kama hutaki. Siku utakapotaka kuzijaribu, kumbuka haikai zaidi ya saa nane. Taulo zako za kitambaa zipumzishe kwanza. Zile zenye harufu ya ukungu zitupe, na zilizobaki ziloweke kwenye maji baridi, uzifue kwa mashine, kisha uzitandaze juu ya redieta ya chumbani mwako, kile chuma cha ukutani cha kupashia joto, mlango ukiwa umefungwa hadi zikauke kabisa. Kabati ndilo lililokuponza. Kuwashwa mweleze mfamasia, kwa sababu huweza kuwa ni ngozi iliyochokozwa na unyevu au ni fangasi, na maduka mengi ya dawa yana chumba kidogo cha kuzungumza faragha ukiomba. Kuhusu bafu, nunua pipa dogo lenye mfuniko na uliweke hapo, bila hotuba. Wanaume wale wana dada na mama.

Udongo aliokutumia mama usiule. Najua ni mtamu ukiulowanisha kidogo, nami niliwahi kuununua sokoni nikiwa na mimba ya kwanza, lakini huzuia madini ya chuma yasifyonzwe, yaani unazidisha kile kinachokufanya uutamani, na mwingine hukutwa na madini ya risasi. Ukipewa vidonge vya chuma vimeze kwa maji au juisi ya chungwa, mbali na chai na maziwa, kwa hiyo ile chai ya maziwa ya asubuhi isubiri angalau saa moja. Na choo kikiwa cheusi usiogope, ni dawa.

Na majibu ya damu yakitoka, usiridhike na kuambiwa kwenye simu kwamba ni ya kawaida. Uliza namba mbili, ya hemoglobini, yaani wingi wa damu, na ya feritini, ambayo ndiyo akiba ya chuma, kwa sababu ya kwanza huweza kuonekana nzuri huku ya pili imekaribia kwisha. Ziandike, kisha unitumie.

Shangazi